Kwa nini kontempo ikishika shairi la mapenzi inaishia kuigiza maneno? Ubeti wa kujaribia upo ndani

#1 pembe_ya_jukwaa
Wakuu, salamu. Kazi za dansi ya kisasa (kontempo) zinazotoka kwenye mashairi ya mapenzi hapa Dar zimeongezeka, na nyingi zina ugonjwa mmoja. Sauti ikisema "moyo", mkono unakwenda kifuani. Ikisema "machozi", vidole vinateremka shavuni. Ikisema "njoo", kiganja kinavuta hewa. Mtazamaji anapewa kitu kilekile mara mbili, na mara ya pili kimepungua uzito.

Dai langu: wachezaji wanaonewa. Kosa limefanyika mezani kabla mazoezi hayajaanza. Mtunzi wa dansi amepigia mstari nomino (moyo, ua, chozi) akaziacha bure vitenzi. Nomino mwilini inakuwa picha. Kitenzi kinakuwa mwendo.

Tusibishane hewani. Huu hapa ubeti wa kujaribia, nimeutunga sasa hivi:

Barua nimeandika
Wino haujakauka
Mlangoni nimefika
Hodi nashindwa kubisha

Mngeuchezaje? Hasa kipande (mstari) cha mwisho.

#2 siti_ya_nyuma
Nimeweka mkeka. Kahawa na kashata viletwe.

#3 hesabu_nane
Utenzi ndio umbo rahisi kuliko yote kwa dansi, mbona. Kipande kina mizani (silabi) 8, wachezaji wanahesabu nane. Kipande kimoja nane moja, ubeti mzima nane nne, unalaza stepu juu yake kama godoro juu ya kitanda. Hata utenzi wa Mwana Kupona, ambao ni wa mapenzi mtupu, ungekaa hivyo hivyo.

#4 binti_wa_ghani
Mkuu #3, mawili.

Kwanza, utendi wa Mwana Kupona ni wasia. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia binti yake dini, adabu na namna ya kuishi na mume. Mapenzi yamo, lakini anayezungumza ni mama kwa mwanawe. Ukiuchezea dueti (dansi ya wawili) ya wapenzi umemkosea aliyeutunga.

Pili, hiyo nane yako na nane ya utenzi zinafanana kwa jina tu. Mchezaji aliyefundishwa kuhesabu nane anaweka uzito kwenye 1 na 5. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kipande cha mizani 8 kinaangukia 7. Soma kwa sauti:

ba-RU-a ni-me-a-NDI-ka: mkazo 2 na 7
WI-no ha-u-ja-ka-U-ka: 1 na 7
m-la-NGO-ni ni-me-FI-ka: 3 na 7
HO-di na-SHI-ndwa ku-BI-sha: 1, 4 na 7

Ya mwanzo inahamahama, 7 haiguswi. Ukikanyaga 1 na 5, mguu unapita pale ambapo sauti haijaegemea kitu, na 7 inapofika mchezaji ameshaanza kujiandaa kwa nane inayofuata. Matokeo yake dansi inaonekana inamkimbiza msomaji. Hata wachezaji wazuri hapo wanaonekana wamechelewa basi.

#5 hesabu_nane
Kwa Mwana Kupona nimekosea, asante. Kwa mizani sijashuka. Na kama tunapimana, mleta uzi kachapia: "mlangoni nimefika" ni 7. Mla-ngo-ni, tatu, ni-me-fi-ka, nne.

#6 pembe_ya_jukwaa
M hapo inasimama peke yake, ni silabi kamili. M-la-ngo-ni, nne. Unavyohesabu wewe, "mtu" ingekuwa mizani moja.

#7 siti_ya_nyuma
Kashata imemkwama mtu huku.

#8 mzee_wa_beshrafu
Wote mnahesabu maandishi. Utenzi unaghaniwa. Ukishaupa mahadhi, silabi ya mwisho ya kipande inavutwa, na mghani mwingine anavuta ya nne pia ili apumue. Kwa hiyo mizani 8 kinywani inaweza kuchukua muda wa mapigo 12, na kipande kinachofuata kikachukua 10. Mtunzi wa dansi anarekodi sauti kwa simu, anakata kwenye kompyuta ili "ikae kwenye nane", na hapo ndipo roho ya shairi inatoka. Baadaye tunalaumu mikono inayoshika kifua.

Dawa: msikilizeni mghani mara kumi bila kucheza. Halafu mchezaji ajifunze mahali pa kupumua, hesabu aiache. Mghani akivuta pumzi, mchezaji avute. Hiyo ndiyo kamba pekee inayowafunga wawili hao, na haikatiki hata mghani akibadilisha mwendo usiku wa onyesho.

#9 hesabu_nane
Na wachezaji sita watapumua pamoja kwa simu ya upepo?

#10 mzee_wa_beshrafu
Kwa pua, kijana. Mtu akivuta pumzi kwa pua kwa nguvu, aliye mita mbili nyuma yake anasikia. Ila feni izimwe. Na kama ukumbi una paa la bati na ni masika, sahau, hata mghani mwenyewe hasikiki.

#11 fundi_taa_mikocheni
Narudi kwa dai la #1, vitenzi dhidi ya nomino. Chukueni "barua nimeandika". Mfano wa kujifunzia upo: ballet ya *Onegin* ya John Cranko, Stuttgart, Ujerumani, 1965, kutoka kitabu cha mshairi Mrusi Pushkin. Kitabuni msichana Tatiana anamwandikia Onegin barua ya mapenzi usiku. Jukwaani angeweza kukaa anasugua kalamu dakika tano, watu wakalala. Cranko kamlaza usingizi juu ya barua, na Onegin akatoka ndani ya kioo cha chumbani. Dueti nzima ndiyo barua. Anarushwa, anazungushwa, anadakwa, na mwanamume anayemfanyia hayo hayupo chumbani. Akishapotea, msichana anamalizia kuandika. Na muziki wa opera ya Tchaikovsky unakusaidia kuelewa.

#12 binti_wa_ghani
Muziki ni wa Tchaikovsky lakini wa opera ile haumo hata kidogo. Kurt-Heinz Stolze aliukusanya kutoka kazi zake nyingine, nyingi za piano. Mengine uliyosema sawa. Ongeza hili: barua ile inarudi. Kwenye ballet Onegin anaichana barua ya Tatiana, na mwishoni Tatiana anaichana ya Onegin. Kitu kimoja cha mkononi kinabeba hadithi yote, na hakuna aliyeshika moyo.

#13 pembe_ya_jukwaa
Hapo mmenisaidia na mmeniumiza. Kama barua imekuwa dueti ya ndoto, basi kitenzi "kuandika" hakijachezwa kabisa. Kilichochezwa ni sababu ya kuandika. Dai langu la vitenzi linayumba.

#14 kiti_cha_msonobari
Linayumba zaidi ukifika kwa "kungoja". Mashairi yetu ya mapenzi yamejaa kungoja, na ni kitenzi kisicho na mwendo. Watunzi wanaogopa utulivu, wanaujaza mizunguko. Tazama ballet ya Romeo na Juliet ya Kenneth MacMillan, London, 1965, muziki wa Prokofiev. Juliet ameachwa peke yake, muziki unapanda kama bahari ya Machi, naye amekaa ukingoni mwa kitanda anatazama mbele. Hakuna stepu. Ni mahali pazito kuliko yote kwenye kazi ile.

Ila kukaa kule si kupumzika. Uti wa mgongo umesimama, uzito uko mbele ya makalio, nyayo zimegusa sakafu. Ukiketi umeegemea nyuma unaonekana umechoka. Ukiinua kisigino kimoja unaonekana umeshaamua. Tofauti ni sentimita mbili.

#15 hodi_hodi
Naona mnazunguka kipande cha nne kama paka na samaki wa moto. Niulize: wangapi hapa wamefikiria mkono umekunjwa ngumi, umeinuliwa mbele ya mlango, ukasita?

#16 fundi_taa_mikocheni
Mimi. Na ningeuwekea taa ya pembeni.

#17 hesabu_nane
Wote, sema ukweli.

#18 hodi_hodi
Basi wote mmecheza mlango wa sinema. Hodi yetu ni sauti. Unasimama pembeni kidogo ya mlango ili usitazame ndani, unaita "hodi", unangoja "karibu". Unaita mara tatu, usipojibiwa unaondoka. Mlango wenyewe mara nyingi uko wazi, una pazia. Kwa hiyo anayeshindwa kubisha hodi kakwama kooni, mkono haumo. Ameshavuta pumzi ya kuita na haitoki.

Icheze hivi. Simama ubavu kwa mlango, uzito mguu wa nyuma. Vuta pumzi hadi mbavu zifunguke, uzito uje mbele. Ishike. Itoe kimya, uzito urudi. Ya pili fupi zaidi. Ya tatu mbavu zinafunguka, uzito hauji. Halafu ondoka. Mara tatu, hakuna mkono, na mtu wa pwani ataelewa kabla ya ya pili.

#19 pembe_ya_jukwaa
Nimesoma hii nimesimama.

#20 kiti_cha_msonobari
Nzuri, ila usitufungie. Kubisha mlango kwa mkono ni Kiswahili pia. Nyumba za geti za Mbezi hodi ya mdomo inaishia kwa mbwa. Na kengele je?

#21 mzee_wa_beshrafu
Shairi la mapenzi lenye kengele ya umeme ni tangazo la fundi.

#22 fundi_taa_mikocheni
Upande wa ufundi, #18 inafanya kazi kwa sharti moja. Mbavu hazionekani kutoka safu ya tano kama taa inatoka mbele. Taa ya mbele inabapaza mwili. Weka taa za pembeni, moja usawa wa ugoko, nyingine usawa wa kiuno, upande mmoja ziwe na nguvu zaidi. Kivuli kinakaa kati ya mbavu na mbavu, pumzi inaonekana. Nguo nayo ibane kiwiliwili. Kanzu ya kupepea inameza kila kitu.

#23 mama_wa_mazoezi
Mnazungumza taa na watu wanaanguka. Niwape sababu ya kawaida ya mapenzi ya jukwaani kuonekana ya uongo: wawili wanaogopana kudondoshana. Mtazamaji anaona hofu ile, anaisoma kama mapenzi yamepoa.

Kunyanyuana, makosa ni yaleyale kila mwaka:
Mafuta. Mtu kajipaka mafuta ya nazi asubuhi, jasho la Februari likachanganyika, mkono unateleza kama kambale. Siku ya dueti hakuna mafuta kuanzia shingoni hadi magotini. Pamba nyepesi ya mikono mirefu inashika, nailoni inateleza.
Mikono inashika kiuno laini, chini ya mbavu. Inauma na inateleza kwenda juu. Shika mfupa wa nyonga.
Anayenyanyua anainama mgongo. Akunje magoti, amvute mwenzake karibu na kitovu kwanza, ndipo asimame.
Anayenyanyuliwa hasaidii. Lazima aruke mwenyewe, na akifika juu abaki amejikaza tumboni. Akilegea anakuwa gunia la mkaa, hata awe na kilo 45.
Kushuka hakufanyiwi mazoezi. Watu wanarudia kupanda mara thelathini, kushuka mara tatu. Goti linaumia wakati wa kushuka.

#24 siti_ya_nyuma
Kuna mtu humu ameitwa gunia na anajijua.

#25 jina_la_kanga
Barua ya mleta uzi isiwe karatasi. Iwe kanga. Doti inauzwa mbili zimeungana, mnaikata mbele ya watu, kila mpenzi anabaki na kipande chake. Jina lililoandikwa juu yake ndiyo barua.

#26 hesabu_nane
Kontempo ya Dar bila kanga hairuhusiwi kisheria?

#27 jina_la_kanga
Cheka tu. Nguo yenye pindo, mji na maandishi yake, ukubwa kama sentimita 150 kwa 110, inavaliwa, inabeba mtoto, inafunika maiti, na inamsema jirani. Nitajie kifaa kingine cha jukwaa kinachofanya yote hayo.

Matatizo ninayajua. Kanga mpya ya Kariakoo ina wanga, inateleza kwenye vigae na inapiga kelele kwacha kwacha juu ya sauti ya mghani, ifueni mara mbili. Msiikanyage ikiwa sakafuni, mguu unakwenda nayo. Maandishi nayo ni madogo, kuanzia safu ya tatu hakuna anayesoma.

#28 binti_wa_ghani
Na hiyo ya mwisho ndiyo faida yake. Mtazamaji anajua kuna maneno, hayasomi, anakaa mbele ya kiti. Shairi letu la mapenzi limejengwa hivyo. Mpenzi ni ua, ni tunda, ni njiwa, ni chombo kilichoingia bandarini. Fumbo linawasitiri wote wawili. Mchezaji akifungua viganja kuonyesha ua, kalifumbua fumbo bila ruhusa ya mtunzi. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko nomino na vitenzi. Mwili unasema haraka mno.

Kuna jingine halijatajwa. Soma ubeti wa #1 tena. Anayeandika ni mwanamume au mwanamke? Kiswahili hakilazimiki kusema, "a-" ni ya wote. Mashairi mengi yanapita mwanzo hadi mwisho bila kutujulisha. Jukwaani lazima umweke mtu, na ukishamweka umeamua jambo ambalo lugha iliamua kulinyamazia. Watunzi wengi hawajui kama wameamua. Mwanamume anabisha, mwanamke yuko ndani, basi, kama kawaida.

#29 kiti_cha_msonobari
Wabadilishane katikati? Pumzi ya kwanza ya huyu, ya pili ya yule?

#30 binti_wa_ghani
Mojawapo. Au kundi zima linabisha, ndani hakuna mtu.

#31 mama_wa_mazoezi
Kabla hamjafika huko, kicheko. Wawili wakikumbatiana, ukumbi unapiga "weeeee". Wengi wanasema ni aibu ya Waswahili. Sikubali. Angalia kinachotangulia: muziki umekatwa ghafla, taa imewaka yote, wametazama watu. Umewasukuma kucheka. Waanze kukumbatiana muziki ukiendelea, mmoja awe na mgongo kwa watazamaji, na safu ya kwanza ikae angalau mita tatu kutoka ukingo wa jukwaa. Kicheko kinapungua sana.

#32 mzee_wa_beshrafu
Na kwa nini kipungue? Kwenye taarabu mtu akiguswa anainuka kutuza. Mtazamaji wetu anajibu. Kumfundisha kukaa kimya kama yuko mtihanini ni kumletea desturi ya ukumbi wa watu wengine. "Weeee" ni karibu yake.

#33 mama_wa_mazoezi
Shikamoo mzee, lakini njoo ushikilie mtu wa kilo 60 juu wakati wanakutuza.

#34 kigae_baridi
Samahani kuvamia. Kumbi nyingi za mazoezi ni saruji au vigae. Dueti zinarudiwa mara chache kwa sababu magoti na magoko yanauma, si kwa sababu ya mizani. Lile zulia la plastiki la dansi likilazwa juu ya saruji linazuia kuteleza tu, pigo linabaki palepale.

Sakafu ya kujitengenezea: futi 24 kwa 24 inataka plywood 18 za futi 4 kwa 8 kwa tabaka moja. Bora matabaka mawili ya milimita 9, la juu lilale kinyume na la chini ili maungio yasikutane, hivyo 36. Chini weka mbao za mbili kwa mbili kila sentimita 40, na chini ya mbao vipande vya mpira, hata ndara zilizokufa. Acha mwanya wa milimita 3 kati ya ubao na ubao na sentimita moja ukutani, unyevu wa pwani utavimbisha. Parafujo zizame, misumari inatoka yenyewe na itamkuta mtu kisigino.

#35 hesabu_nane
Huyu ndiye mtu wa kwanza humu kuandika kitu naweza kukifanya kesho.

#36 ndege_mgeni
Swali la haraka: kutumia shairi la mtu kwenye dansi kunahitaji ruhusa?

#37 fundi_taa_mikocheni
Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iliweka ulinzi wa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Shaaban Robert alifariki 1962, piga hesabu. Mtunzi aliye hai, mwombe kwa maandishi, na sema kama utakata beti. Rekodi ya mghani ina haki zake mbali na shairi.

#38 pembe_ya_jukwaa
Asanteni wote. Nimejaribu #18 leo na watu watatu. Pumzi ya kwanza na ya pili zimekubali. Ya tatu wote wanaishia kuinua bega la kulia, bila kuambiwa. Mkono unataka kubisha.

#39 hodi_hodi
Wape kitu cha kushika. Barua yenyewe, mikono yote miwili, chini ya kitovu. Wino haujakauka, kwa hiyo hawawezi kuikunja wala kuikumbatia. Bega litashuka.

#40 hesabu_nane
Ngoja, kwa hiyo kipande cha pili ndicho kinachocheza cha nne?

#41 kiti_cha_msonobari
Na aliye ndani anafanya nini muda wote huo?

#42 binti_wa_ghani
Nimeshasema #30. Nani kakwambia ndani kuna mtu?

#43 siti_ya_nyuma
Mleta uzi usijibu hilo. Kigae_baridi, ndara unazibandika kwa gundi au unazipigilia?

#44 kigae_baridi
Gundi ya fundi viatu, upande wa mbao tu. Upande wa saruji ziache huru, sakafu inabidi ipumue.